Mwaka Nilioiogopa Sabufa

Niliwahi kuamini, tena kwa imani ambayo laiti ningeitia katika sala zangu ningekuwa walii sasa hivi, kwamba besi ya sabufa ikimkalia mzee kifuani kwa nyimbo tatu mfululizo, moyo wake huacha kujipigia wenyewe na kuiachia spika kazi hiyo. Moyo unapumzika kama mtu aliyepata mtumishi. Mzee mwenyewe hana habari. Anatikisa kichwa, anatabasamu, anaomba maji. Lakini spika ikizimwa ghafla, moyo unakuwa umeshasahau kazi yake, na mzee anakwenda pale pale alipoketi. Uvumi huo ulizunguka pwani yetu ya kusini, kutoka Ukunda mpaka Vanga. Kulikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyemwona babu mmoja wa Bodo akizimika pamoja na jenereta. Hata kuku walitajwa. Ilisemekana kuna mama huko Gazi aliyepoteza kuku arobaini kwa wimbo mmoja, na mimi nilipowasimulia wengine niliwafanya kuku wale kuwa sitini, kwa kuwa arobaini walionekana hawamtoshi msikilizaji.

Wa kwanza kuniambia hayo alikuwa Fundi Nyawa, mtengenezaji wa maboksi ya spika, na mwezi uliopita tulimzika kwao Kinango. Tulisimama pale makaburini sisi wakongwe wa muziki, kila mmoja na kitambi chake na masikio yake mabovu, tukinong'onezana kwa sauti kubwa hata jamaa za marehemu wakadhani tunagombana. Baadaye, tulipokuwa tukila wali na maharagwe chini ya turubai, Rashidi, aliyekuwa mpiga gitaa la besi wetu, aliwaelekeza vijana kwangu kwa kijiko na kuwaambia kwamba huyu mnayemwona hapa aliukimbia ukanda wote wa pwani kwa kuogopa spika. Walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, karibu nimwage wali. 

Habari za wazazi wangu nitaziruka; walikuwa watu wema na hawakuwa na amplifaya. Nianzie katika chumba cha Fundi Nyawa pale Ukunda, chumba cha mabati nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, ambako harufu ya gundi, ya vumbi la mbao na ya mbaazi za nazi ilikuwa nzito hata ungeweza kuikata kwa msumeno. Fundi alikula mbaazi na mahamri kila asubuhi, na meza yake ilikuwa boksi lolote alilokuwa akilitengeneza, kwa hiyo hakuna spika iliyotoka kwa Nyawa bila doa la nazi mgongoni. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtu wa mitambo katika bendi ya Bi Mwanakombo. Siku za wiki tulipiga katika hoteli za Diani wageni wakila, na mwisho wa wiki tulipiga harusini. Bi Mwanakombo ndiye aliyekuwa mwimbaji, mwenye bendi na mwenye kauli. Sauti yake ilitosha kuamsha watu wa kisiwa cha Chale bila maikrofoni. Shida ilikuwa besi. Spika zetu mbili za juu zilitoa sauti safi ya mwimbaji, lakini gitaa la Rashidi likipitia humo lilitoka kama nzi aliyefungiwa katika kopo la maziwa. Bendi nyingine za huko zilikwishaongeza sabufa. Bi Mwanakombo alisema kwake watu wanasikiliza na kwa wengine watu wanacheza, na yeye hakuzaliwa kusikilizwa na watu waliokaa.

Basi Fundi akatutengenezea sabufa. Ilikuwa kubwa kama jokofu lililolazwa, ndani yake spika ya inchi kumi na nane yenye mdomo wa kumeza mtoto, na ilihitaji amplifaya yake peke yake na kifaa kidogo cha kuzigawa sauti, nyembamba ziende juu na nene ziende chini. Tulipoijaribu mara ya kwanza, uani kwa Bi Mwanakombo, besi ilipungua badala ya kuongezeka. Tulisimama mbele ya jokofu letu tukiwa hatusikii kitu. Kisha kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, tukasikia vifuniko vya sufuria vikigongana vyenyewe. Rashidi aliweka gitaa chini taratibu kama anayeweka mtoto aliyelala, akasema besi imeingia ardhini, inatokea kule. Nywele zilinisimama. Fundi alikuja, akabadilisha nyaya mbili nyuma ya boksi, ya huku ikaenda kule, na besi ikarudi mbele ikatupiga vifuani kwa kishindo. Hakueleza alichofanya; baadaye sana ndipo nilipojua kwamba nyaya zilikuwa kinyume, na sabufa na spika za juu zilikuwa zikifutana sauti. Mafundi wa zamani walifanya kazi bila maelezo, na mimi nilichokiona ni kwamba kitu kile kina akili, kinaweza kukuacha na kwenda kumtafuta mtu mwingine nyuma ya ukuta.

Siku hiyo hiyo ndipo aliponipa sheria yake. Alikuwa ameketi juu ya sabufa, hamri mkononi.

"Taa ndiyo unayozima," aliniambia. "Besi unaishusha. Hesabu kumi na mbili, polepole, ndipo uguse swichi. Je, pana mzee karibu?"

"Akiwapo?"

"Hesabu ishirini na nne, mwanangu. Usije ukabeba roho ya mtu."

Kisha akanieleza habari ya moyo na mtumishi wake, akaendelea kula. Leo najua alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilihusu spika wala haikumhusu mtu yeyote: ukikata umeme ghafla, amplifaya hutoa kishindo kinachoweza kuirarua ile karatasi ya spika. Angesema hivyo tu. Lakini Nyawa aliwajua vijana. Ukiwaambia spika itaharibika, watazima tu. Ukiwaambia mtu atakufa, watashusha. Nami laiti ningeishia hapo ningekuwa mwoga wa kawaida. Balaa yangu ilikuwa elimu. Nilikuwa nikisoma shule ya jioni, katika darasa la watoto wa msingi, tumekaa watu wazima kwenye madawati yaliyotufikisha magoti kidevuni: askari wa hoteli, wauza samaki, mama wawili waliokuja na vikapu vyao vya viazi. Jioni moja mwalimu wa sayansi akafundisha mtetemo. Akasema kila kitu kina mtetemo wake, na ukiupata mtetemo huo, kitu kitaitikia. Nikanyoosha mkono nikauliza, hata moyo? Akasema moyo ni msuli, na msuli hutetemeka, kisha akafuta ubao kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha. Wenzangu waliandika. Mimi sikuweza hata kushika kalamu. Fundi Nyawa, mtu asiyejua kuandika jina lake, alikuwa ameijua sayansi yote, na mimi ndiye niliyekabidhiwa swichi.

Tangu hapo nilifanya kazi kwa woga uliopangwa vizuri. Nilipatana na Rashidi, naye alikuwa ameshaamini kuliko mimi, kwamba kila wimbo ukimalizika, wengine wote wakinyamaza, yeye aendelee kudonoa waya mmoja, dum, dum, dum, nami nishushe polepole mpaka kumi na mbili, ili kila moyo uliokuwa likizo urudi kazini bila mshtuko. Watu walidhani ni mtindo mpya. Bendi moja ya Ukunda hata ilituiga. Bi Mwanakombo aliuliza mbona siku hizi nyimbo zake zina mkia, tukamwambia ndiyo fasheni ya Mombasa, akaridhika. Kabla ya kila shughuli nilizunguka nikihesabu wazee. Mwenye mvi alikuwa hatari. Mwenye mvi na bakora, hatari zaidi. Niliwasogeza kwa heshima zote, shikamoo babu, huku pana upepo mzuri, na wao waliniombea dua kwa adabu yangu.

Lililobaki gumu lilikuwa adhana. Kwetu, mwadhini akitoa tu sauti, muziki unazimwa palepale. Hakuna kumaliza ubeti, hakuna kumaliza hata neno. Mtu wa mitambo ndiye anayebeba dhamana hiyo, na bendi inayochelewa haialikwi tena. Hapo nilibanwa na sheria mbili, moja ikisema zima sasa hivi, nyingine ikisema ukizima sasa hivi umeua. Nilijiokoa kwa saa ya mkononi. Nilijua nyakati za sala kuliko imamu, na dakika tatu kabla ya adhana nilimwinulia Rashidi kidole, tukaanza kuushusha mkia wetu, hata adhana ilipoingia ilikuta kimya kitakatifu. Wazee walinisifu. Walisema kijana yule ana dini. Nilikuwa na hofu tupu.

Ramadhani ikaja, bendi ikalala mwezi mzima, nami nikanenepa kwa futari na utulivu. Kisha ukaingia mfungo mosi, na harusi zikatufuata kama nyuki. Siku chache tu baada ya Idi tulialikwa Msambweni, harusi ya mchana, katika ua wa Mzee Salimu, babu yake bibi harusi. Naukumbuka ua ule kuliko chumba nilicholala jana. Turubai ya buluu ilifungwa kutoka kwenye paa mpaka kwenye mnazi, chini yake mikeka, masinia ya pilau yakipita juu ya vichwa vya watu, wanawake jikoni wakibishana kama chumvi imezidi au mpishi ndiye aliyezidi. Niliiweka sabufa pembeni kabisa, mbali na kila mvi. Nikageuka kuunganisha nyaya. Nilipogeuka tena, Mzee Salimu alikuwa ameburuta kiti chake cha plastiki, amekiweka ubavuni mwa sabufa, na ameegemeza bega juu yake kama mtu anayeegemea rafiki.

Nilikwenda mbio. Shikamoo babu, nikamwambia, kule pana upepo mzuri. Hakunisikia. Binti yake mkubwa, Bi Mwanasha, mama mwenye kanga mbili na funguo kiunoni, akapita na sinia, akaniambia nisijisumbue, baba hasikii tena, mwaka wa tisa huu. Harusi zote hizo amekaa kama picha. Nikamshika mzee mkono nimwinue. Akanitazama kwa macho yenye ukungu, akauchukua mkono wangu na kuuweka kifuani pake. Rashidi alikuwa akijaribu waya wake mnene, na chini ya kanzu nilihisi mbavu za mzee zinaitikia, dum, dum.

"Nasikia," alisema, kwa sauti kubwa ya asiyesikia sauti yake. "Hapa. Nasikia hapa."

Mtu mwingine angelia kwa furaha. Mimi nilitokwa na jasho la kujaza ndoo. Moyo ulikuwa umeanza kukabidhi kazi, nami nimeushika kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulipiga tangu adhuhuri. Sikumwona bibi harusi wala sikujua alivaa nini. Nilimtazama mzee. Nyimbo tatu zikapita, zikawa sita, zikawa tisa. Kila mkia ulipoisha alifumbua macho na kutazama huku na huku kama aliyepotea, wimbo ulipoanza aliyafumba tena akatabasamu. Bi Mwanakombo alinitumia mtu kuuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nikiitazama saa yangu. Kwa hesabu zangu, alasiri ilikuwa imebakiza dakika saba, na nilikuwa nimepanga kuanza kushusha mapema sana, hesabu ya mia ikibidi. Lakini hesabu zangu zilikuwa za msikiti wa Ukunda niliouzoea. Nyuma tu ya ua ule palikuwa na msikiti mdogo ambao sikuujua, na mwadhini wake hakuwa mtu wa kusubiri. Katikati ya wimbo, besi ikiwa juu kabisa, akaanza kuita.

Bi Mwanakombo alikata neno kinywani. Kinanda kikanyamaza, ngoma zikanyamaza. Nikamtazama Rashidi, Rashidi akanitazama, na sote wawili tukamtazama mzee aliyefumba macho. Nikamwinulia kidole: endelea. Naye, Mungu amsamehe, akaendelea. Adhana ikipanda juu angani, chini yake ikawa inatambaa besi ya Rashidi, dum, dum, nami nimeshika kitufe, nahesabu, moja, mbili, tatu. Sijawahi kuogopa namna ile. Upande mmoja Mwenyezi Mungu, upande mwingine roho ya mtu, na mimi katikati na kitufe. Vichwa vyote vya ua ule vikanigeukia. Nikasikia mama mmoja akisema huyu ni kafiri gani. Nilikuwa nimefika tano. Ami yake bibi harusi, bwana mwenye mabega kama mlango, alivuka mikeka kwa hatua tatu, akashika waya mkubwa wa umeme, akaung'oa ukutani.

Sabufa ilitoa kishindo kimoja. Mzee Salimu alifumbua macho. Akasimama, akatafuta kitu hewani kwa mkono, kisha akaanguka chini mzima mzima, kanzu yake nyeupe ikatandazika juu ya mkeka.

Nilimwona Bi Mwanasha akitupa sinia. Niliona wanaume wanne wakimbeba, nikasikia wakiitana kwamba apelekwe hospitali haraka, gari la nani liko karibu. Yaliyofuata sikuyaona, kwa sababu nilikuwa nimeshapita nyuma ya jiko, nimeruka ua wa makuti, na ninakimbia katikati ya mihogo ya watu. Nilikimbia hata kivuli changu kikaomba kupumzika. Sikuchukua kiatu cha kushoto. Rashidi aliniambia baadaye kwamba watu walidhani nimekimbia aibu ya adhana. Hakuna aliyejua kuwa nimekimbia maiti.

Nilikwenda Shimba Hills, kwenye mashamba ya watu wa bara waliopewa ardhi zamani, kwa sababu nilifikiri hakuna mtu wa Msambweni atakayenitafuta katikati ya Wakamba na michungwa yao. Mama Mutua, mjane mwenye shamba kubwa na kanisa karibu na shamba, alinipokea kama kibarua wa kuvuna. Nikampa jina la uongo. Niliitupa laini ya simu katika choo cha shimo. Nililala katika ghala la mahindi, ambamo panya walitembea juu yangu kwa utaratibu kama wanakwenda kazini. Chakula chao kilikuwa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, yasiyo na nazi hata ya kusingiziwa, na Mama Mutua alinijazia sahani akisema kijana ya pwani haina nyama, itapeperuka. Nilikula na kushukuru. Lakini kila pikipiki iliyozima injini njiani ilinipeleka nyuma ya ghala. Kila sauti ikikatika ghafla, redio, kinu, mbwa anayebweka, nilingoja kusikia mtu akianguka.

Sikumuuliza mtu kama mzee yu hai. Hilo ndilo ninaloliwaza zaidi sasa, nikiwa na cheti changu cha shule ya jioni ukutani na watoto wanaoniona jasiri. Simu ya dakika moja kwa Bi Mwanakombo ingetosha. Lakini nisipouliza, mzee alikuwa nusu hai. Nikiuliza, angeweza kufa kabisa. Kwa hiyo nilimweka hivyo hivyo, nusu, mwezi baada ya mwezi, na kila nilipolala nilihisi mbavu zile chini ya kiganja changu.

Kanisani kwao palikuwa na kwaya yenye magitaa mawili na spika mbili. Jumapili moja spika zilianza kupiga mluzi wa kutoboa masikio, na mkono wangu, bila idhini yangu, ukaenda kwenye mitambo ukaukata ule mluzi. Siri ikawa imetoka. Walipopata sabufa, walinitaka mimi niiunganishe. Nilikataa mara tatu, kisha nikakubali kwa sharti kwamba wazee wote wa kanisa waondoke viti vya mbele wakae mlangoni. Walikubali kwa shingo upande. Nilisikia wawili wao wakilalamika nje, mmoja akisema yeye ndiye aliyetoa kiwanja cha kanisa na sasa anakaa na watoto wanaotoka kwenda chooni, mwenzake akamjibu kwamba pengine kijana ametumwa na madhehebu mengine. Mama Mutua naye nilimsikia jikoni akimwambia jirani kwamba kijana yake inaogopa spika kama mtu mwingine anavyoogopa nyoka, na kwamba mtu akiogopa hivyo, kuna mahali ameumwa.

Kisha zikaja habari za kutafutwa. Mnunuzi wa machungwa aliyezunguka masoko alisema, akila chakula cha mchana mezani kwetu, kwamba kuna mama mmoja wa Msambweni anamuulizia mtu wa spika, alikuwa na bendi, alitoweka. Anauliza Ukunda, anauliza Kikoneni, anauliza kila soko. Jina lake Mwanasha. Tangu siku hiyo sikwenda sokoni tena. Nilijiambia anatafuta damu ya baba yake, na ni haki yake, lakini haki na apewe na mwingine. Mara mbili zaidi mnunuzi yule akaleta habari hizo hizo, na mara mbili nikahamia shamba la jirani kwa wiki nzima.

Mwaka ukawa unakaribia kutimia, Ramadhani nyingine ikiwa imebakiza siku chache. Mnunuzi alichelewa kuja, na alipofika Mama Mutua alimgombeza. Akajitetea kwamba alipitia mazishini Msambweni jana, Mzee Salimu amefariki.

"Aliugua?" Mama Mutua akamuuliza.

"Hakuugua hata kidogo. Moyo ulisimama tu."

Sijui niliinukaje pale mezani. Nilichofahamu ni kwamba nilikuwa nimemuua mzee yule kwa mwaka mzima, kidogo kidogo, na sasa kazi imekwisha. Kumbe alikuwa hai. Kumbe moyo ule ulikuwa ukijikongoja kutafuta kazi iliyosahaulika, miezi kumi na moja, na mimi nikila mahindi. Na hapo ndipo hofu yangu ilipofanya jambo ambalo bado silielewi: ilikuwa kubwa kiasi kwamba hapakubaki mahali pa kukimbilia. Asubuhi nilimuaga Mama Mutua, nikamwambia jina langu la kweli. Akanifungia machungwa sita katika kitambaa, akaniambia kama nimekosa nikaombe msamaha, na kama sikukosa nirudi nimalize kuvuna.

Nilifika Msambweni kabla ya adhuhuri. Ua ulikuwa ule ule, mikeka ile ile, bila turubai. Wanaume walikuwa wakisoma hitima upande wa baraza, nami sikuweza kuwakaribia, maana yule ami mwenye mabega alikuwa miongoni mwao. Nikazunguka nyuma, kwenye jiko nililolipita mbio. Bi Mwanasha alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, anakuna nazi, wanawake wengine wakichambua mchele. Nikampa mkono wa makiwa. Akaupokea bila kunitambua. Kisha akanitazama miguu, akanitazama uso, na mkono wake ukakaa juu ya kifuu cha nazi.

"Mimi ndiye mtu wa spika," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemuua baba yenu."

Wanawake waliacha mchele. Nikaeleza yote, palepale, nimesimama, machungwa yakiwa mkononi: nyimbo tatu, moyo na mtumishi wake, hesabu ya kumi na mbili ambayo niliishia tano. Nikamweleza mpaka mwalimu wa sayansi. Sikuongeza chumvi hata chembe, na huenda ndiyo mara ya pekee maishani mwangu. Bi Mwanasha alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakulia. Akafuta mikono kwa kanga, akavuta kigoda akanionyesha nikae.

"Siku ile baba alikuwa amefunga, ile sita ya mfungo mosi," alisema. "Alituficha sote, kwa kuwa daktari alimkataza kufunga, alikuwa na sukari. Hakutia kitu kinywani tangu alfajiri, na sisi tulidhani amekula na wanaume wenzake. Sukari ikamshuka. Kesho yake alikuwa hapa hapa anakunywa uji na kuuliza besi imekwenda wapi. Akauliza mpaka juzi. Nimekutafuta mwaka mzima, kaka, uje umpigie tena, maana kitu kingine hakukisikia." Akaondoa uzi wa nazi kidoleni. "Alikuwa na miaka themanini na minane, na siku zake zilikuwa zimefika. Spika haisimamishi moyo wa mtu. Baba alianguka kwa njaa."